Si Kila Kizunguzungu ni Presha

Mtu akifika kwenye zahanati yoyote kati ya Mpwapwa na Manyoni akasema ana kizunguzungu, mambo huenda kwa mpangilio unaofahamika. Anapimwa presha. Anatobolewa kidole apimwe malaria. Akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, anavutwa kope la chini kuangaliwa damu na kuulizwa kama ni mjamzito. Mpangilio huo una sababu zake. Ukanda wa kati unaijua miezi ya ghala tupu kabla uwele na mtama havijaiva, unaujua upungufu wa damu kwa wajawazito, na unalijua jua la Oktoba linalomkausha mtu shambani hadi akiinuka anaona giza. Shida huanza vipimo vinapotoka safi na mgonjwa bado anashikilia kwamba nyumba inazunguka. Hapo presha ya 140 kwa 90, ambayo pengine imepandishwa na hofu na mwendo wa baiskeli kutoka kijijini, hugeuzwa kuwa jibu. Mgonjwa anarudi nyumbani na vidonge vya presha, na kizunguzungu kinarudi naye.

Sikio halikutajwa. Na hata mgonjwa mwenyewe asingelitaja, kwa sababu haliumi na anasikia vizuri.

Sikio ambalo Ugogo ulijulikana nalo zamani ni la nje: ndewe zilizotobolewa na kupanuliwa, ambazo wazee wachache bado wanazo. La ndani limefichwa kwenye mfupa wa ubavuni mwa fuvu, mmoja wa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Mbele yake kuna sehemu ya kusikia. Nyuma kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja ukielekea upande wake, pamoja na vifuko viwili vidogo. Mifereji hupima kichwa kinapogeuka. Vifuko hupima kinapoinama, na mwili unapokwenda mbele au kushuka. Vyote vimejaa majimaji. Mama aliyejitwika ndoo akigeuka ghafla, ndoo hugeuka kwanza, maji yakachelewa; ndani ya mifereji hutokea vivyo hivyo, na kule kuchelewa kwa majimaji hukunja vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Masikio yote mawili hupeleka habari muda wote, hata mtu akiwa amelala, na ubongo hulinganisha. Moja likinyamaza ghafla, au likapeleka habari za uongo, ubongo huelewa kitu kimoja tu: kichwa kinazunguka. Hapo huyaamuru macho yafidie mzunguko ambao haupo. Ukimtazama mgonjwa wa namna hii machoni utaona mboni zikiteleza polepole upande mmoja na kurudi kwa kasi, tena na tena.

Aliyeyasoma macho hayo kwa makini kuliko wote waliomtangulia ni Robert Bárány, daktari wa Vienna. Wagonjwa wake walikuwa wakilalamika kuzungukwa alipowasafisha masikio kwa maji. Maji yakiwa baridi macho yalipiga upande mmoja, yakiwa ya moto yakapiga upande wa pili. Akaelewa kwamba joto na baridi vinayasukuma majimaji ya ndani, na kwamba sikio lisilojibu maji hayo limekufa kwa upande wa mizani. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zikamkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Jambo hilo linarudiwa bila kukusudia popote nta inaposafishwa kwa maji ya bomba asubuhi ya Julai, wakati Dodoma ina baridi kali: mgonjwa anashika meza, anatapika, na watu wanadhani amezidiwa. Maji ya uvuguvugu wa mwili yangemaliza tatizo.

Sasa, namna ya kuuliza. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumuuliza mgonjwa anajisikiaje: anazungukwa, anayumba, au anahisi kuzimia? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi wakiulizwa tena baada ya dakika chache huchagua jibu jingine. Hawadanganyi, hali yenyewe haielezeki. Majibu yanayosimama ni ya maswali mengine mawili: kikija kinadumu muda gani, na kinaletwa na nini? Maswali haya hayagharimu chochote na tabibu wa zahanati anaweza kuyauliza akiwa bado anafungua daftari. Kwa maoni yangu ndiyo yanayotenganisha huduma nzuri na mbaya katika jambo hili, kuliko mashine yoyote.

Tuanze na fungu la kwanza, lenye jibu la kawaida kuliko yote. Kinadumu nusu dakika hivi, na kinaletwa na kugeuka kitandani. Mgonjwa anaeleza kwamba alfajiri aligeukia upande wa kulia, paa likaanza kukimbia, akashika ukingo wa kitanda. Kikatulia. Alipoinama kuchuma mlenda kikaja tena, na alipoinua uso kutungua kibuyu darini. Kati ya mashambulio hayo yuko mzima, ila anatembea kwa woga. Kwenye vifuko vya sikio mna chembe ndogo za chokaa zinazosaidia kupima uzito. Kwa umri, au kwa kupigwa kichwa, baadhi hung'oka na kuangukia ndani ya mfereji, mara nyingi ule wa nyuma. Kila kichwa kinapobadili mkao zinaporomoka, majimaji yanasukumwa, na ubongo unaambiwa kuna mzunguko. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka huohuo wa 2007 ulikadiria kwamba takriban watu 2.4 katika kila 100 hupatwa na hali hii wakati fulani maishani, wanawake zaidi ya wanaume, na waliovuka miaka 50 zaidi ya vijana. Kwetu ongeza bodaboda. Kijana aliyeanguka bila kofia ngumu, akashonwa, akaruhusiwa, na wiki mbili baadaye hawezi kulala chali, huenda hana tatizo lolote kwenye ubongo.

Dalili hii ilipewa kipimo chake London mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike. Tiba ikabuniwa na John Epley wa Portland, Marekani, ambaye wenzake walimdharau kwa miaka kabla maelezo yake kamili hayajachapishwa mwaka 1992. Si ajabu walimdharau: nani angeamini kwamba ugonjwa wa kutapika na kuanguka unatibiwa kwa kumgeuza mtu kitandani?

Hufanyika hivi, tukichukulia sikio la kulia ndilo bovu. Mgonjwa anakaa kitandani miguu imenyooka. Unamgeuza kichwa nusu ya njia kuelekea kulia. Unamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda, nawe umekishika kwa mikono yote miwili. Mwambie mapema kwamba kizunguzungu kitakuja na kitaondoka, la sivyo atakung'ang'ania shingoni. Zinapita sekunde chache bila kitu. Kisha macho yanaanza kupiga, yakipanda juu huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini, yanazidi, yanapungua, yanatulia kabla dakika haijaisha. Kufikia hapo umeshapima. Ili kutibu, unasubiri dakika moja zaidi, unakigeuza kichwa hadi kielekee kushoto kwa kiasi kilekile, unasubiri. Unamwambia ajigeuze mwili mzima alalie bega la kushoto hadi uso utazame sakafu, unasubiri. Kisha anainuka kukaa, kidevu kikiwa kifuani. Chembe zimezunguka mfereji mzima na kudondokea kwenye kifuko zilikotoka. Wagonjwa takriban wanane katika kumi hupona kwa mzunguko mmoja au michache. Asiye na kitanda kirefu alazwe kwenye mkeka na mto uwekwe chini ya mabega ili kichwa kishuke nyuma. Mwenye shingo iliyoumia asifanyiwe.

Kinachofuata mtu yeyote aliyefanya kazi zahanati anakijua. Mgonjwa anakaa, anajaribu kugeuka, hakuna kitu. Anashukuru. Halafu anauliza dawa iko wapi.

Dawa zipo, na kwenye maduka ya dawa muhimu zinauzwa bila maswali: sinarizini, prokloperazini, na betahistini kwa wenye uwezo. Chembe zilizopotea njia hazirudishwi na kidonge. Mbili za kwanza zina kazi yake pale mtu anapotapika mfululizo, kwa siku mbili tatu. Zikinywewa kwa wiki na miezi huulaza ubongo usijifunze kufidia kasoro ya sikio, na kwa mzee huweza kuleta mikono ya kutetemeka na mwendo wa kuburuta miguu, ambao nao huja kutafutiwa dawa. Betahistini ilipimwa dhidi ya kidonge kisicho na kitu kwa wagonjwa wa Ménière huko Ujerumani, matokeo yakatolewa mwaka 2016: hapakuwa na tofauti. Haimdhuru mtu sana, ila humdhuru mfukoni.

Ménière mwenyewe, Prosper Ménière wa Paris, alieleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu kinaweza kutoka sikioni wakati wenzake wote walikihesabu kuwa cha ubongo, jamaa ya kifafa. Ugonjwa unaobeba jina lake, ulio kwenye fungu la pili, huja kwa saa kadhaa, sikio likijaa, likivuma na kupungua kusikia. Si ugonjwa unaoonekana sana. Kwenye fungu hilohilo la dakika hadi saa kuna jambo la kawaida zaidi ambalo halitajwi kabisa: kipandauso. Mtu mwenye historia ya kuumwa kichwa upande mmoja, anayekerwa na mwanga na kelele, ambaye huko utotoni basi lilikuwa halijamaliza kona za mlima Sekenke ameshatapika, anaweza akiwa mtu mzima kupata mashambulio ya kizunguzungu hata siku ambazo kichwa hakiumi. Hutibiwa kama kipandauso.

Ule mkanganyiko wa enzi za Ménière bado uko nasi. Mtu anayeanguka ghafla huitwa mwenye kifafa, au hutafutiwa aliyemroga; na mjini Dodoma, ambako jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe limegeuzwa kejeli ya mtaani, kusema hadharani kwamba unaona kuta zinatembea kuna gharama yake. Wengi hunyamaza. Mganga wa kienyeji naye, ukitafakari, hana hasara: kizunguzungu cha chembe mara nyingi huisha chenyewe ndani ya wiki kadhaa, na aliye karibu siku hiyo ndiye hupewa sifa. Hospitali nazo zimepata sifa za namna hiyo.

Fungu la tatu ndilo la kuogopa. Kizunguzungu kimeanza ghafla, kimedumu zaidi ya siku nzima bila kupumzika, mgonjwa anatapika na hawezi kusimama. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa sikio uliovimba, na utapoa. Mara nyingine ni kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Hapa kuna kipimo ambacho matokeo yake huwashangaza hata madaktari. Mwambie mgonjwa atazame pua yako, shika kichwa chake, kisukume kidogo kwa mshtuko upande mmoja, kisha wa pili. Macho yakiteleza kutoka puani na kuruka kurudi, sikio ndilo lenye kasoro. Macho yakibaki puani, kipimo kimetoka kizuri, nawe una mtu anayezungukwa bila kukoma, hiyo ndiyo hali ya kukimbiza gari. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kipimo hiki, pamoja na vingine viwili vya macho, kilikamata viharusi vya namna hii kuliko kipimo cha MRI kilichofanywa siku za mwanzo. Kipimo cha CT, ambacho ni rahisi zaidi kupatikana, mara nyingi hakioni kiharusi cha eneo hilo mapema. Karatasi inayosema hakuna kitu isimrudishe mtu nyumbani. Kauli ikivurugika, mtu akiona vitu viwiliviwili, akishindwa hata kukaa bila kushikwa, hakuna haja ya kipimo chochote zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza huduma mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, iko karibu kwa wa mjini. Kwa wa Kibakwe ni safari, na uamuzi wa kuianza unafanywa na tabibu aliyeko huko.

Kisha kuna sikio linalotoa usaha, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika vijiji vya ukanda huu mtoto mwenye usaha sikioni ni jambo lililozoeleka, kama makamasi. Huanza kwa mafua, ndani ya nyumba yenye moshi wa kuni na watu wengi wanaolala chumba kimoja. Ngoma ya sikio hutoboka, usaha hutoka, maumivu huisha, na kwa kuwa maumivu yameisha watu huona amepona. Hutiwa mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, majani yaliyosagwa. Miaka inapita. Kwa baadhi, ngozi huota kuelekea ndani na kufanya uvimbe unaoitwa kolesteatoma, ambao hula mfupa taratibu. Ukifika kwenye mfereji wa pembeni, huutoboa. Mgonjwa wa hapo hutambulika kwa kidole: bonyeza kile kinyama kinachochomoza mbele ya tundu la sikio, na kama nyumba inazunguka, mfereji umeshatobolewa. Huyo anahitaji upasuaji, na kuchelewa kunaweza kumletea homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Mwanzoni kabisa angehitaji kitambaa safi kilichosokotwa, cha kukausha sikio mara kadhaa kwa siku, na matone ya siprofloksasini. Matone yenye gentamaisini hayafai kwenye ngoma iliyotoboka, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Nchi hii inajua kufuata ugonjwa wa kijijini kwa muda mrefu inapoamua. Kongwa, wilaya ya vumbi na maji ya shida, imefahamika duniani kwa trakoma, ugonjwa wa macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifika huko miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukatolewa utafiti uliofanyika vijijini mwake juu ya kunawisha watoto nyuso. Pua inayotoa makamasi ileile iliyohesabiwa kwa ajili ya macho ndiyo inayopeleka maradhi sikioni, na sikioni hakuna aliyeangalia kwa bidii kama hiyo. Hata mafanikio tunayojivunia katika masikio ni ya kusikia: tangu mwaka 2017 Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa viziwi. Hilo ni jambo kubwa. Upande wa mizani hauna kifaa cha kupandikizwa kinachopatikana hospitalini kwetu, kwa hiyo unapaswa kulindwa kabla haujaharibika.

Kinachouharibu kabisa, masikio yote mawili kwa pamoja, mara nyingi ni sindano. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943 na ilikuwa dawa ya kwanza kukiweza kifua kikuu. Muda si mrefu madaktari wakaona wagonjwa waliopona mapafu wakitembea kama walevi. Mmoja wao, daktari aliyetibiwa kwa dawa hiyo, alieleza mwaka 1952 katika jarida la kitabibu la New England maisha yake bila mizani: ili asome kitabu ilibidi akibane kichwa katikati ya vyuma vya kitanda, kwa sababu hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuyarusha maandishi machoni. Tanzania ina sehemu yake katika historia hii, na ni sehemu ya heshima. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, ukijengwa na Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwatibu wagonjwa wake hadi wapone, na Shirika la Afya Duniani likauchukua kuwa mfano. Miezi miwili ya mwanzo ya dozi ilikuwa na streptomaisini kila siku. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini mzee wa miaka 70 anayesema tangu atibiwe kifua hawezi kutembea gizani, shida yake si presha wala uzee tu.

Baadaye ikaja kanamaisini kwa kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake nchini yalianzia Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009. Sindano za miezi mingi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe, dawa za kumeza zikachukua nafasi. Iliyobaki ni gentamaisini, genta ya kila wodi. Kwa mtoto mchanga mwenye sumu ya damu siku chache za genta ni uhai, na sitaki mtu aikatae kwa kusoma hapa. Ninachokataa ni genta ya wiki mbili kwa mtu mzima mwenye figo zisizopimwa, na genta inayodungwa kwenye vyumba vya nyuma vya maduka kwa kila homa isiyoeleweka. Madhara huweza kuanza siku kadhaa baada ya sindano ya mwisho, bila kizunguzungu chochote, kwa sababu masikio yote mawili yamenyamaza sawasawa na ubongo hauna tofauti ya kulinganisha. Mgonjwa anaona ardhi ikirukaruka anapotembea. Hawatambui watu njiani mpaka asimame. Usiku, au macho yakiwa na sabuni anapooga, anaanguka.

Vinyweleo vilivyokufa havioti tena. Kinachobaki ni mazoezi, ambayo Terence Cawthorne na F. S. Cooksey waliyapanga Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya askari walioumia kichwa: kukazia macho kitu kimoja huku kichwa kikigeuzwa kulia na kushoto, kisha kusimama, kisha kutembea, kisha kutembea kwenye mchanga, kila siku kwa miezi. Fimbo husaidia, si kwa nguvu yake bali kwa kuupa mkono habari ambazo sikio halileti. Taa ibaki inawaka usiku. Kuogelea au kuvuka mto wenye kina aache kabisa, maana chini ya maji hatajua juu ni wapi.

Na anayeendelea kudungwa genta anaweza kukaguliwa bila kifaa kipya. Kila kliniki ya macho mkoani, kuanzia Hospitali ya Mvumi inayosifika kwa kazi hiyo, ina ule ubao wa herufi za kupimia kuona. Mgonjwa anasoma hadi mstari wa chini anaoweza. Kisha muuguzi anakishika kichwa chake kwa nyuma na kukitikisa kulia na kushoto, mara mbili kwa sekunde, huku akisoma tena. Asiye na tatizo hupoteza mstari mmoja, pengine miwili. Akipoteza zaidi ya hapo, mwandika dozi aitwe kabla ya sindano inayofuata.